Rivyu ya maji ya mtaani kwetu: bomba, gati na guta, nimepima kwa ndoo na saa ya simu

Jamani hii itakuwa ndefu, nimekaa nayo moyoni muda mrefu sasa naitoa yote.

Agosti 2022 karani wa sensa alifika kwangu, dada mmoja mpole sana na kishikwambi chake, akafika kwenye swali la maji ya kunywa mnapata wapi, nikamjibu bomba, akabonyeza akaendelea na maswali mengine. Na sikumdanganya, bomba lipo, mita ipo ukutani, namba ya mteja ninayo kwenye simu. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa wifi yangu anakaa bondeni karibu na linapopita bomba kubwa, nikamkuta anaosha mchele jikoni, koki iko wazi maji yanatiririka na yeye anaongea na mimi hana hata habari nayo, saa nane mchana hiyo. Kwangu saa nane mchana ukifungua koki inatoa hewa, inakoroma hivi kama mtu mwenye mafua alafu kimya. Nikamuuliza wifi, karani kwenu alipita, akasema alipita, nikamuuliza ulijibu nini kuhusu maji, akasema bomba. Yaani mimi na wifi yangu kwenye kile kishikwambi tumeandikwa kitu kimoja.

Hilo ndo lililonifanya nichukue kaunta buku la mwanangu lililobaki kurasa nyeupe, ndoo ya lita 20 na simu, nikaanza kupima. Watu wanaandika rivyu za friji na pasi na simu za kichina, mi mwenyewe nimeshanunua blenda kwa kusoma maoni ya watu, lakini maji ambayo tunayalipia kila siku ya Mungu hakuna anayekaa akasema hii huduma inatoa nini na inampa nani. Nimepima wiki tatu, huduma tatu za mtaani kwetu hapa Dar: bomba la nyumbani, gati (kile kituo cha kuchotea maji, wengine wanaita kioski) na maji ya guta (baiskeli ya magurudumu matatu inayobeba madumu). Jina la mtaa naliacha na jina la mamlaka inayotuletea maji naliacha pia, sitaki ugomvi na mtu, nataka tuelewane jinsi ya kupima.

Nianze na maji yenyewe yanakotoka mana wengi humu mnalaumu mto wakati shida haipo mtoni peke yake. Mji huu unakunywa maji ya mto Ruvu. Mtambo wa kusafisha maji wa Mtoni ndo mkongwe, 1949, unatumia mto Kizinga na ni mdogo. Ruvu Juu ulijengwa 1959, maji yake yanakuja kwa njia ya Morogoro mpaka kwenye matenki ya Kibamba na Kimara. Ruvu Chini ni wa 1976, unakuja kwa njia ya Bagamoyo mpaka matenki ya pale kilimani Chuo Kikuu. Ilipopanuliwa, Ruvu Juu ikawa na uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini milioni 270. Jumlisha upate milioni 466. Sensa ileile ilitukuta watu 5,383,728 hapa mkoani. Chukua kalkuleta ugawanye: lita 86 na ushee kila kichwa kila siku, mpaka mtoto mchanga. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu akipata lita 50 mpaka 100 kwa siku mahitaji yake mengi ya msingi yanatimia. Kwahiyo kwa karatasi sisi tumeshaoga, tumeshafua na maji ya kumwagilia mchicha yamebaki.

Najua hiyo hesabu ina mapengo, Kibaha na Bagamoyo nao wamo kwenye mabomba hayohayo, kuna viwanda, kuna maji yanayovuja chini njiani, na kuna visima upande wa Mbagala na Kigamboni ambavyo sijavihesabu. Lakini hata ukikata nusu nzima bado ni ndoo mbili kila mtu. Sasa njoo kwangu uniulize ndoo mbili kila mtu ziko wapi.

BOMBA LA NYUMBANI

Kwetu ni kilimani na ni mwisho wa laini. Maji yakifunguliwa yanajaza kwanza bondeni, kila mtu wa chini akijaza tenki na ndoo zake ndo presha inapanda kuja kwetu, na mara nyingi wakati inataka kufika muda wa mgao unakuwa umeisha. Nimeandika saa ya kila siku yalipotoka na yalipokata. Wiki ya kwanza yalitoka mara mbili, Jumanne usiku kuanzia saa sita kasoro mpaka saa tisa na dakika kumi, na Ijumaa alfajiri kwa muda wa saa moja na nusu tu. Wiki ya pili mara tatu. Wiki ya tatu mara moja. Bei kwa uniti (lita 1,000) ndo nzuri kuliko zote tatu, na maji ni baridi, masafi, nikiyachemsha sina wasiwasi nayo, kwa hiyo maji yenyewe sina neno nayo kabisa. Neno langu ni saa.

Na hapa kuna kitu watu wanachanganya. WHO na UNICEF wanapohesabu nani ana huduma ya maji iliyo salama hawaangalii kwamba una bomba tu, wanataka maji yawepo hapohapo nyumbani, yawe hayana uchafu, na yapatikane pale unapoyahitaji, na hilo la kupatikana wanalipima kwa kitu kama saa 12 kwa siku au siku 4 kwa wiki angalau. Kwa kipimo hicho mimi sipo. Wifi yangu yupo. Swali la "una bomba?" linatuweka chungu kimoja, swali la "yanatoka saa ngapi kwa wiki?" linatutenganisha mara moja, na ni swali la sekunde tano tu, karani angeweza kuuliza.

Alafu tenki. Hili nimelikuta wakati napima wala sikuwa nalifikiria. Majirani watatu wana simtenki juu ya mnara, mmoja ana la lita 5,000 na jingine la chini ardhini. Maji yakitoka kwa muda wa saa tatu kama usiku ule, yeye anabeba elfu tano na zaidi, anakaa wiki nzima anafungua koki kama wifi yangu. Chumba cha uani nyumba ya pili yake anakaa dada mpangaji na watoto wawili, ana ndoo nne na beseni, akijaza zote ni lita mia na ushee alafu hana pa kuweka, maji yanaendelea kutoka anayaangalia. Mgao ni uleule, mtaa uleule, hata laini ileile, ila mmoja anachukua mara hamsini ya mwenzake kwa sababu ya plastiki. Na baadhi yetu wanafunga mota moja kwa moja kwenye bomba la mtaa inavuta, ukiwasha ile mota nyumba mbili za juu yako zinakauka hapohapo, nimeshuhudia, koki yangu ilikuwa inatoa vizuri ghafla ikaanza kunyonya hewa kurudi ndani. Tafadhali wenye mota vuteni kutoka kwenye tenki lenu la chini, msivute kwenye bomba. Inavuta na uchafu kwenye mabomba yaliyopasuka, tunakunywa wote.

GATI

Hapa ntakaa kidogo mana gati ndo inayobeba mtaa na haisemwi vizuri.

Gati yetu ina koki mbili, kibanda kidogo cha tofali, dirisha la nondo, na mama anayeuza. Ndoo shilingi 50. Mama huyu mimi nampa nyota zote tano, sio mtu wa kelele, wajawazito na wazee hawapangi foleni kwake, mtoto aliyetumwa hapunjwi zamu. Siku ya kwanza nilimkuta saa kumi na moja alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na ndoo au na daftari?"

"Vyote mama."

"Basi weka ndoo kwanza, daftari halipangi foleni."

Foleni inaanza usiku wa kuamkia. Watu wanaleta ndoo zao jioni wanazipanga, kuna ndoo yenye jiwe ndani, kuna yenye kipande cha kanga kimefungwa kwenye mkono wake, kuna iliyoandikwa jina kwa rangi ya kucha, asubuhi kila mtu anaijua yake. Nilihesabu ndoo 61 kabla mama hajafungua mlango. Nikapima muda wa kujaa. Saa kumi na mbili asubuhi presha iko juu, ndoo inajaa sekunde 55. Saa tatu watu wengi wamefungua huko chini, ndoo ileile koki ileile dakika 2 na sekunde 40.

Hiyo 2:40 nimeikariri, ntakwambia kwa nini. Kuna viwango vinatumika duniani kwenye makambi ya wakimbizi, vinasema koki moja inayotoa lita 7.5 kwa dakika isihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asikae foleni zaidi ya nusu saa. Lita 7.5 kwa dakika ndoo inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40, ndo hiyohiyo yetu. Na sera yetu ya maji ya 2002, upande wa vijijini, ilisema kituo kimoja watu 250, kila mtu lita 25 kwa siku, umbali usizidi mita 400. Sasa piga hesabu na mimi hapa, sio ngumu. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250. Koki ya lita 7.5 kwa dakika inahitaji dakika 833 kutoa hayo maji. Karibu saa 14! Saa kumi na nne koki iko wazi haijafungwa, hakuna anayebadilisha ndoo, hakuna anayedai chenji, umeme haujakatika. Gati yetu siku ikitoa sana inatoa saa sita, na siku nyingine haitoi. Kwahiyo mtu akija na ramani akanionyesha nukta ya bluu akasema hapa pana gati, watu 250, wamehudumiwa, mi ntamuuliza hiyo nukta inatoka saa ngapi mpaka saa ngapi, mana nukta haina saa.

Muda wangu wa kwenda, kupanga foleni na kurudi, wastani wa siku nilizokwenda, ulikuwa saa 1 na dakika 10 kwa ndoo mbili. Kipimo cha WHO na UNICEF hapo ni dakika 30 kwenda na kurudi pamoja na foleni, ukiwa ndani ya 30 wanakuita una huduma ya msingi, ukizidi unashuka ngazi, unaitwa mwenye huduma finyu hata kama maji ni yaleyale masafi. Mi nakipenda hiki kipimo kuliko cha mita 400 kwa sababu kinahesabu foleni. Gati yetu iko mita kama mia mbili na hamsini tu kutoka kwangu, kwa mita niko vizuri kabisa, kwa dakika sipo.

Na dakika za nani. Kila nilipokuwa pale nilikuwa naweka vistari, mwanamke mtu mzima, msichana, mwanaume, mvulana. Sitatoa namba kama utafiti mana ni gati moja na macho yangu mawili, ila kurasa za vistari upande wa wanawake na wasichana zimejaa na upande wa pili kuna nafasi ya kuandika barua. Wanaume wengi waliokuja walikuja na baiskeli au guta kuchukua madumu ya kuuza. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2023 inasema kwenye kaya zisizo na maji nyumbani, kaya 7 kati ya 10 mzigo huo ni wa wanawake na wasichana. Kulikuwa na binti mmoja wa sekondari anakuja na sketi ya shule tayari, anaweka ngata ya kitenge kichwani, mama wa gati anamsaidia kutwika, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu ndoo yenyewe, anapandisha kile kilima mkono mmoja ameshika ndoo mwingine ameshika sketi isilowe. Siku ya Alhamisi foleni ilikwama, nikamuona anaangalia saa ya kibandani, anaangalia ndoo zilizo mbele yake, kumi na moja, anaangalia saa tena. Akaiacha ndoo kwenye foleni akakimbilia shule. Saa saba mchana niliikuta bado ipo, imesogezwa pembeni, tupu. Kwenye daftari hiyo nimeandika lita 0, na najua kwenye hesabu ya kawaida hiyo sifuri isingeonekana popote kwa sababu gati iliuza maji vizuri tu siku ile.

Kasoro ya gati nyingine ni kwamba mama naye analipa kwa mita. Ndoo ikifurika inamwagika kwake. Tena ndoo zile za rangi zinazoitwa lita 20 ukijaza mpaka mdomoni zinazidi, nilibeba yangu mpaka kwa muuza mchele akaniwekea kwenye mizani (lita moja ya maji ni kilo moja, rahisi), tukatoa uzito wa ndoo, ikaja 21 na nusu. Kwahiyo mama anauza lita 21 na nusu kwa bei ya 20. Mimi kama mteja nafurahi, ila anayepanga bei za magati akumbuke hilo.

GUTA

Hapa sina maneno matamu japo vijana wenyewe ni wachapakazi na bila wao siku nyingine tungelala na kiu. Dumu shilingi 300 siku za kawaida, mgao ukikolea 500, na linaletwa mpaka mlangoni.

Watu mtaani wanasema "mia tatu tu", kwa sababu tunalinganisha dumu kwa dumu. Geuza iwe uniti. Uniti ni lita 1,000, yaani madumu 50. Gati 50 mara 50 ni 2,500. Guta 300 mara 50 ni 15,000, na siku ya 500 ni 25,000. Bili ya bomba langu kwa uniti iko chini ya hata ile ya gati. Kwahiyo mtu mwenye koki inayotoa analipa kidogo kuliko wote, na mtu asiye na koki anayeishi siku kwa siku analipa mara sita mpaka kumi ya bei ya gati kwa maji ambayo mara nyingine yametoka kwenye gati hiyohiyo. Familia ya watu watano kwa lita 25 kila mmoja inahitaji ndoo sita na robo kwa siku. Kwa mwezi gatini ni kama 9,400. Kwa guta ni 56,000 na ushee. Kuna chumba cha kupanga hapa mtaani hakifiki hiyo hela.

Na sijamaliza. Nilichukua dumu la guta nikalipeleka kwa yuleyule muuza mchele. Madumu yale ya mafuta ya kupikia yakizeeka yanabonyea ubavuni na chini, wala kijana hakufanya makusudi, ndo dumu lake. Tukatoa uzito wa dumu, maji yaliyobaki ni kilo 17 na nusu. Kwahiyo ile uniti ya 15,000 ni 17,100 na kitu. Alafu mengine ni ya kisima cha chumvi yamechanganywa, sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya bahari. Ukiwa unapima pima na hili, lita ya maji ya chumvi sio lita ya maji baridi, kwenye daftari langu nimeziwekea safu tofauti.

SASA KUPIMA TOFAUTI YENYEWE

Hapa ndo nilipotaka kufika. Ukiwa na daftari lenye lita za kila nyumba unafanyaje useme tofauti ni kubwa au ndogo? Wastani unadanganya. Chukua mfano, namba nimezichagua ziwe rahisi: nyumba tano, kila mtu kwa siku anapata lita 20, 20, 30, 60 na 120. Jumla 250, wastani 50. Lita hamsini! Mtu wa ripoti ataandika mtaa umefikia kiwango na atakuwa hajasema uongo hata neno moja. Lakini nyumba tatu kati ya tano haziioni hiyo hamsini.

Kuna njia ya zamani, Mmarekani Max Lorenz aliichora 1905 kwa ajili ya utajiri, Mtaliano Corrado Gini akaitolea namba 1912, na siku hizi watu wanaitumia hata kwa maji. Unapanga nyumba kuanzia inayopata kidogo mpaka inayopata kingi, unaangalia kila hatua wa chini wamebeba kiasi gani cha maji yote ukilinganisha na mgao sawa. Wote wakipata sawa namba ni 0, mmoja akibeba yote inakimbilia 1. Nyumba zangu tano za mfano zinatoa 0.38. Kwa asiyependa desimali, nyumba mbili za chini ambazo ni asilimia 40 ya nyumba zina asilimia 16 ya maji, na nyumba moja ya juu ina asilimia 48. Hivo ndo ningependa tusomewe, kwa lugha hiyo ya mgao wa chungu, kila mtu mtaani anaielewa.

Ila hiyo namba nayo peke yake haitoshi na nasema hili baada ya wiki tatu za kusimama pale. Haikwambii nyumba yenye 20 ni ya kilimani au ya mwisho wa laini au ya mpangaji wa uani. Haimjui yule binti. Ndo maana mimi kwa kila nyumba naandika vitu vinne: lita kwa kichwa, dakika za kupata ndoo, shilingi kwa uniti, na saa ambazo koki ilitoa kwa wiki. Nyumba ikiwa mbovu kwenye vyote vinne hiyo ndo ya kwanza kusaidiwa. Nyumba ya simtenki saa zake ni chache kama zangu lakini lita zake nyingi, hiyo inaweza kusubiri.

Na kupima mara moja hakutoshi. Watafiti walipita sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania kati ya 1966 na 1968, wakahesabu lita na dakika nyumba kwa nyumba, wenzao wakarudi sehemu zilezile 1997. Walikuta wasio na bomba wanatumia muda zaidi ya mara tatu ya ule wa zamani kuteka maji, na wenye mabomba matumizi yao yameshuka karibu nusu kwa sababu mabomba yalikuwa hayatoi tena kama mwanzo. Wangehesabu mabomba tu wangesema tumepiga hatua.

Sisi hapa Dar tumebishana sana nani asimamie maji, mnakumbuka City Water, ile kampuni binafsi ya maji, walipewa mji 2003 kwa mkataba wa miaka 10 na Mei 2005 serikali ikauvunja. Maneno yalikuwa mengi pande zote, ila mi nlichokuwa nakitaka kukisikia ni mtaa gani unapata saa ngapi. Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka na mji mzima ukaingia kwenye mgao mkali, ndo kwa mara ya kwanza niliona watu wa upande wenye maji yao ya kila siku wanauliza ratiba. Visima vya Kigamboni vikaingizwa Novemba hali ikapungua makali. Wao wakarudi kwenye koki zao. Huku kwetu tulirudi kwenye mgao wetu wa siku zote ambao hauna jina.

Nairobi wenzetu nao wana shida kama zetu ila wanatoa ratiba ya mgao kwa maeneo, mtaa fulani siku fulani saa fulani, mtu anaweza kushika karatasi akasema hapa mliandika saa 12 yametoka 3. Tena Mathare, mtaa wa mabanda wa hukohuko Nairobi, mwaka 2015 waliwekewa mashine za maji za kadi, wakati huo lita 20 ilikuwa senti 50 za kwao. Mashine ya kadi inarekodi kila lita na saa yake, takwimu inajiandika yenyewe. Ningetamani gati yetu iwe nayo, kwa sharti kwamba mama abaki dirishani, mashine haimtwiki mtu ndoo.

Kwa wanaopenda nyota: maji ya bomba kwa ubora nne na nusu, kwa saa nyota moja. Gati nne, ikiongezwa koki mbili na tenki la akiba itakuwa tano. Guta mbili, na hizo mbili ni za vijana wanaosukuma.

Anayetaka kupima mtaani kwake haihitaji mashine. Ndoo moja unayoijua ujazo wake, simu, daftari, na nyumba kumi za balozi wenu zinatosha kuanzia. Andika saa yalipotoka na yalipokata hata kama ni usiku wa manane, muulize jirani ana watu wangapi na ametumia ndoo ngapi jana, usimuulize "kwa kawaida", muulize jana. Bei geuza iwe uniti. Sifuri nazo ziandike.

Mimi nimenakili kurasa zangu mbili nikampelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa na nakala moja mama wa gati ameibandika dirishani kwa gundi, jana nimekuta watu wamesimama na ndoo wanaisoma na mzee mmoja amesahihisha, kaandika kwa kalamu ya wino mwekundu kwamba Jumanne ile kwake hayakufika kabisa. Nimemuongeza kwenye orodha. Sa hivi ni saa sita na dakika ishirini usiku, koki imeanza kukoroma, naenda kukinga.